Jumamosi ya Kumkimbiza Sergej

Mume wangu Otakar ametumia nusu ya Jumamosi za ndoa yetu akisimama majanini kungoja kitu kipite. Kitu chenyewe hupita kwa sekunde kumi na mbili. Kikishapita, yeye huinama kwenye kamera, huguna, kisha husema ama "imo" au "haimo". Basi, siku imekwisha. Wanaume wengine wa mtaa wetu hulewa, wengine hufuga njiwa, na mmoja alitoroka na mke wa mwoka mikate. Wangu hupiga picha vichwa vya treni za mizigo. Mama yangu aliniambia nimshukuru Mungu. Nimejaribu kwa miaka thelathini na minne.

Treni za abiria hazitaki. Umwambie umeona treni nzuri ya abiria, atakutazama kama umemwingizia mbwa mwenye matope sebuleni. Anataka mizigo tu: makaa, mbao, kokoto. Ukutani kwetu, kuanzia mlangoni hadi juu ya friza, zimejaa picha za midude hiyo, kila moja na fremu yake. Mimi huzipangusa vumbi kila Ijumaa. Sizitazami. Mtu huwezi kutazama kila unachokipangusa.

Wala hakuwahi kufanya kazi reli. Otakar alitunza mitambo ya mvuke kwenye kiwanda cha sukari miaka thelathini na minane, mpaka kiwanda kikafungwa naye akastaafu. Mtu wa reli alikuwa baba yake, mlinzi wa kivuko, kazi yake kushusha na kupandisha vizuizi. Otakar alikulia kwenye kibanda cha kivuko, vikombe vikitetemeka kabatini kila treni ilipopita, na tangu alipoanza kusema alisema atakuwa dereva. Alipofika miaka kumi na mitano akaenda kupimwa. Daktari akamfungulia kitabu chenye kurasa za vidoadoa, akamuuliza anaona namba gani. Hakuona namba. Akafunguliwa ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Vidoa tu. Daktari akafunga kitabu.

"Kijana," alimwambia, "kwako wewe nyekundu na kijani ni ndugu wa tumbo moja. Reli isahau."

Alirudi nyumbani kwa miguu, kilomita kumi na moja, akifuata reli. Baba yake alimtazama usoni, akaelewa, akaenda kufunga vizuizi. Hawakulizungumza jambo hilo hata siku moja mpaka mzee alipokufa.

Hayo alinieleza mara moja tu, kabla hatujaoana, akaniapisha nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nilimchagulia mashati, nilimwonyesha nyanya zilizoiva, na maisha yakaenda.

Sasa sikiliza kichekesho. Kuna chama chao, wanaume ishirini na kitu, wanaokutana mara moja kwa mwezi kwenye chumba cha nyuma cha baa ya Kwa Mizani kubishana juu ya dizeli. Unajua Otakar alikuwa nani kwenye chama hicho? Bingwa wa rangi. Ndiyo. Kwa kuwa hazioni, alizisoma. Alijua namba ya kila kopo la rangi, mwaka gani walipaka nini, karakana gani iliongeza mstari wa njano na ipi ilisahau. Wenzake walimpigia simu saa ya chakula: "Bwana Pecháček, ule wekundu wa mwaka sabini na tatu ulikuwa wa cheri au wa matofali?" Naye, uma mkononi, alijibu bila kusita kama anasoma sala. Miaka kumi na miwili mfululizo alikuwa hakimu wa mashindano yao ya picha. Nami nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza, natafuna, nacheka moyoni. Wanaume wenye macho mazima wakimuuliza asiyeona.

Mwaka ule, mwezi wa nne, alifanyiwa upasuaji wa jicho la kulia, ule wa mtoto wa jicho, na daktari akamkataza kuendesha gari hadi kiangazi. Haukupita hata mwezi, Sergej akatangazwa.

Sergej si mtu. Sergej ni aina ya kichwa cha dizeli cha Kirusi, kizito kuliko kanisa letu, chenye sauti ya radi iliyofungiwa kwenye pipa. Zamani vilikuwa vingi, vikaenda kukatwa vyuma chakavu. Kimoja kilinunuliwa na kampuni ndogo ya watu binafsi, kikafichwa bandani miaka miwili kikitengenezwa, na sasa, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tano, kingevuta mabehewa ishirini ya kokoto kutoka machimbo ya Tisovka hadi Mlýnkovice. Kokoto za kweli, za kazi. Kwa ajili ya hizo kokoto watu walikuja kutoka nchi tatu.

"Utanipeleka, mama?" aliniuliza Otakar. Ameniita mama tangu binti yetu azaliwe, nami namwita baba nikiwa nimekasirika.

"Nina vitunguu vya kupandikiza."

"Vitunguu vitakuwepo Jumapili."

"Na hiyo dizeli Jumapili haitakuwepo? Itayeyuka?"

Alikuwa ameshaanza kufuta lenzi.

Saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa njiani kwenye gari letu, Fabia, ngazi imefungwa juu, na kwenye kiti cha nyuma sanduku la nyama za kukaanga zilizovikwa chenga za mkate, tango la siki, na chupa ya chai. Nilikuwa nimechukua gazeti langu la mafumbo ya maneno. Otakar alikuwa na ramani tatu mapajani na ratiba aliyoiandika kwa mkono, dakika kwa dakika, utadhani anavamia nchi.

Kituo cha kwanza alikiteua mwenyewe: daraja la mawe la Jeřábkov, mahali asipopajua mtu mwingine. Kweli hapakuwa na mtu. Kulikuwa na viwavi na umande. Alisimamisha ngazi, akaishusha, akaisogeza hatua mbili, akairudisha palepale. Mimi nilikaa kwenye kiti cha kukunja nikitafuta mto wa Siberia wenye herufi mbili.

Kwanza ardhi ikatetemeka. Halafu moshi ukatokea juu ya miti, mweusi, kama mtu amechoma matairi. Halafu lile dude likaja juu ya daraja, kijani kibichi, mstari wa njano tumboni, mabehewa yakilifuata yakigongana. Niliinua macho kwenye gazeti, nikaona, nikayashusha. Kamera ilikuwa ikilia kama panzi.

"Imo!" alipiga kelele. Alishuka ngazi vibaya nusura avunje mguu. Macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi, yote mawili, hata lile la upasuaji. "Umemwona, mama? Umemwona?"

"Nimemwona."

"Si ni mzuri?"

"Ana kelele," nikasema, nikaandika: Ob.

Hayo ndiyo niliyoyasema. Nimeyarudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Niliona kilivyo, tena kwa macho mazima, na lile neno moja ambalo mume wangu alilihitaji lilikuwa mdomoni mwangu. Ila sikujua kama ni neno. Kwangu mimi kijani ni rangi kama nyingine. Picha kumi na moja za Sergej zimetundikwa nyumbani kwangu, zote nyekundu, na ungeniuliza asubuhi ile ni za rangi gani ningekwambia: nyeusi, au?

Treni ilipaswa kusimama Jeřábkov dakika arobaini kupisha za abiria. Hiyo ndiyo nafasi yao, kwa hiyo kila mwenye kamera kwenye bonde zima alirukia gari lake kwa wakati mmoja kuwahi mbele. Sijawahi kuona upumbavu kama ule. Watu wazima, baadhi yao na wajukuu, wakipigiana honi kwenye barabara ya kijiji yenye upana wa mkokoteni.

"Kata kushoto!" alisema Otakar.

"Kushoto ni shamba la mtu."

"Kuna njia ya trekta. Kata!"

Nikakata. Chupa ya chai ikaruka. Tukashuka njia ya trekta, ngazi ikigonga paa kama mtu anayetaka kufunguliwa, tukatokea barabarani mbele ya gari kubwa jeusi la Daktari Tvrzník. Nilimwona kwenye kioo akifungua mdomo. Sitadanganya, hapo nilifurahi kidogo.

Huyu Tvrzník ni daktari wa meno kutoka mjini. Ana lenzi yenye urefu wa mkono wangu na viatu vya kupandia milima ambavyo havijawahi kukanyaga kinyesi cha ng'ombe. Kila mwaka alipeleka picha kwenye mashindano, na kila mwaka Otakar alimpa nafasi ya pili au ya tatu. "Rangi imekolezwa mno," alikuwa akiandika. Jambo hilo lilimwasha yule daktari kama upupu.

Kituo cha pili kilikuwa malisho juu ya kona, nje ya Mlýnkovice, mahali ambapo treni huonekana yote kuanzia kichwa hadi mkia. Huko hakukuwa na siri. Wanaume kama ishirini na watano walikuwa wameshapanga ngazi zao safu mbili kama kwaya. Wawili walikuwa wakigombana kwa sababu kofia ya mmoja iliingia kwenye picha ya mwenzake. Chini karibu na reli kulikuwa na nyumba, na bibi mmoja alikuwa akianika shuka.

"Bibi!" mmoja akamwita. "Tunaomba uziondoe shuka kidogo tu, zinang'aa kwenye picha!"

"Ziko kwangu!" bibi akajibu bila kugeuka. "Kaoeni, mpate shuka zenu!"

Nikampenda papo hapo.

Otakar alitafuta nafasi safu ya mbele, akasimamisha ngazi, na nikamletea mkate wenye nyama. Alikuwa amechangamka sana, mashavu yamemwiva. Ndipo Tvrzník alipofika akihema, akamwona.

"Bwana Pecháček! Umeshamwona?"

"Darajani. Mwanga wa asubuhi, peke yangu."

"Ah, peke yako." Yule daktari aligeuka, akapaza sauti ili wasikie wote. "Jamani, bingwa ameshamwona! Tangu asubuhi tunabishana juu ya ile rangi, ni sahihi au wamekosea. Sasa tupate hukumu. Tuambie, bwana Pecháček, unasemaje?"

Sasa elewa hivi. Wenzake wote walikuwa na simu za kioo. Picha za Sergej akitoka bandani zilikuwa zimesambaa tangu alfajiri, nao walikuwa wamekula kifungua kinywa wakizitazama. Otakar ana simu ya vitufe aliyorithi kwa dada yake. Hakuna aliyemwambia kitu, kwa kuwa nani amwambie bingwa?

Alifuta chenga mdomoni. Alipenda sana nyakati kama zile, na hazikuwa nyingi maishani mwake. Akapanda kipandio cha kwanza cha ngazi ili aonekane.

"Nitasema hivi," alianza. "Niliogopa. Siku hizi watu wakipaka Sergej wanampaka wekundu wa gari la zimamoto, wa kuchangamka, wa kitoto. Lakini hawa wamefanya kwa heshima. Huu ndio wekundu wenyewe wa kiwandani, wa cheri iliyopitiliza kuiva, wenye kahawia ndani yake. Nilipomwona darajani nilijiona nina miaka minane. Nawapongeza. Kwa rangi, mimi nawapa alama zote."

 Ngazi moja ililia, nyingine ikajibu. Kijana mmoja aliye nyuma akatoa kicheko puani, akakimeza.

"Wekundu," alisema Tvrzník polepole.

"Wekundu, ndiyo."

"Bwana Pecháček. Sergej amepakwa kijani."

"Usinitanie, Daktari."

"Kijani. Jani. Chura. Tazama." Akamsogezea simu hadi puani.

Otakar akaitazama. Nami nilijua alichokuwa anakiona: kilekile alichokiona darajani, kilekile anachokiona kwenye nyanya, kwenye taa za barabarani, kwenye kitabu cha vidoa. Akaitazama muda mrefu. Kisha akainua kichwa, akanitafuta, akanipata nimesimama na chupa ya chai, na akaniuliza mbele ya wote, kwa sauti ndogo:

"Ni kijani, mama?"

Ningeweza kudanganya. Ishirini na watano wangenicheka nami, tungekuwa wawili.

"Kijani, Ota," nikasema.

Hapo wakaanguka kucheka. Si wote, nakubali. Bwana mmoja mwembamba anayeitwa Hynek alitazama viatu vyake. Lakini wengi. Mwingine alikuwa ameshika ngazi ili asianguke. Na Tvrzník, ambaye kumbe alikuwa ameshapiga hesabu zake haraka, akasema: "Miaka kumi na miwili! Miaka kumi na miwili tunahukumiwa rangi na kipofu!"

Otakar alishuka kwenye kile kipandio. Uso ulikuwa umemshuka hadi kifuani. Mkate ulikuwa bado mkononi, hakujua auweke wapi.

Miaka thelathini na minne nimemcheka mtu huyu. Nimemcheka kwa ndugu zangu, kwa majirani, kwenye foleni ya duka la nyama. Ni haki yangu, mimi ndiye ninayefua soksi zake zenye matope. Lakini kuona wale mabwana wenye makoti ya mifuko kumi na minane wakimcheka bila kibali changu, damu ikanipanda. Nikaiweka chupa chini, nikatembea hadi mbele ya ngazi zao, nikawageukia.

"Mmemaliza?" nikasema. "Au kuna mwingine? Wewe mwenye tumbo, cheka vizuri, utapasuka. Huyu mtu alinyimwa kazi ya reli akiwa na miaka kumi na mitano kwa sababu ya macho, na akajifunza kwa kichwa kila rangi mnayoijua ninyi, kopo kwa kopo, mwaka kwa mwaka. Nani kati yenu alimwona amekosea kabla ya leo? Nani? Mlimpigia simu nikimpakulia supu! Mna macho mawili kila mmoja na bado mlimuuliza yeye!"

"Bi Pecháčková," alisema Tvrzník, "tunaomba usogee…"

"Wewe ndiyo kabisa! Wiki nzima unatazama mashimo ya meno, Jumamosi unakuja kupanga foleni nyuma ya dizeli, halafu unaona una haki ya kumcheka mtu? Umeshinda nini wewe? Nafasi ya tatu?"

"Bi Pecháčková, treni!"

"Nitakwambia treni!"

"Sogea, mama! Sogea!" wakapiga kelele wote pamoja, na ardhi ikaanza kutetemeka chini ya miguu yangu.

Sitasema nilifanya kusudi. Sitasema pia kwamba sikusikia. Nilisimama palepale, mikono kiunoni, nikiendelea kuongea japo hata mimi mwenyewe sikujisikia tena, na nyuma yangu Sergej akapita na radi yake yote na kokoto zake zote. Nilikuwa nimevaa koti langu la mvua la njano. Nimeambiwa baadaye kwamba niko katikati kabisa ya kila picha, kuanzia behewa la kwanza hadi la kumi na tano, na kwenye nyingi mdomo wangu uko wazi. Mtu mmoja aliyetoka nchi jirani, aliyeendesha usiku kucha, aliketi chini kwenye majani akashika kichwa.

Bibi wa shuka alipiga makofi.

Tuliondoka bila kuaga. Kwenye gari Otakar alifunga mkanda. Halafu akasema, bila kunitazama:

"Darajani kule. Ulimwona."

"Nilimwona."

"Uliona ni kijani."

"Niliona."

"Na hukusema."

"Sikujua kuwa ni jambo la kusema, Ota. Haki ya Mungu sikujua anapaswa kuwa wa rangi gani."

"Ziko picha kumi na moja ukutani."

"Najua ziko ngapi."

Alitikisa kichwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Angekasirika ningepata la kumjibu. "Mimi huwa nakuuliza nyanya," alisema. "Mashati, nyanya. Huyu sikukuuliza. Nilidhani huyu namjua."

 Nikaendesha.

Baada ya kitambo akafungua ratiba yake. "Atasimama kwenye kituo cha kupangia mabehewa Mlýnkovice, upande wa ghala," alisema. "Dakika ishirini. Hakuna mtu atakayekwenda, pana kivuli na nguzo."

"Unataka twende?"

"Nataka kumwona. Ukiweza uniambie alivyo."

Tukaenda. Kweli pana kivuli na nguzo, na hapakuwa na mtu ila Sergej mwenyewe, amesimama akinguruma, na dereva wake ameegemea dirisha akila soseji. Dereva alikuwa mzee wa rika letu, mwenye masharubu. Otakar alisimama hatua tano kutoka kwenye ule ukuta wa chuma na hakunyanyua kamera. Alikuwa ananisubiri.

Basi nikamtazama Sergej. Kwa mara ya kwanza nilimtazama kwa makini mmoja wao, na nikagundua kwamba sijui kusema. Kijani, lakini kijani gani? Si cha majani. Si cha chupa. Nilikuwa natafuta kitu anachokijua kwa ulimi au kwa mkono, na vyote nilivyovipata vilikuwa vya macho.

"Kama supu ya mbaazi iliyolala," nikasema mwishowe. "Siku ya pili, ikishakuwa na utando juu. Na kinang'aa kidogo pale mwanga unapopiga. Chini karibu na magurudumu kimechafuka kuwa kama mafuta."

"Mzuri au mbaya?"

"Mbaya, Ota. Kama unataka ukweli."

Akaguna. Nikaona bado anataka kitu, basi nikamgeukia yule dereva.

"Bwana! Hiki ni kijani gani?"

"Nini?"

"Hii rangi! Inaitwaje? Mume wangu anataka kujua, ni mtaalamu."

Dereva alitafuna, akameza. "Inaitwa kijani cha maghala, mama."

"Cha maghala gani?"

"Ya nafaka. Ya ushirika wa wakulima. Walipaka maghala yao, wakabakiwa na mapipa manne, wakampa bosi wetu bure. Nyekundu ilikuwa ghali." Akafuta masharubu. "Kule nyuma haikutosha, wakamalizia na ya uzio. Ukisogea unaona."

Nikasogea. Kweli nyuma kulikuwa na kijani kingine, kama majani mahali alipolala ng'ombe. Niliporudi, Otakar alikuwa amejiinamia na mabega yanamcheza. Moyo ukanipasuka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. Halafu akapiga picha moja, kwenye kivuli, nguzo katikati, akainama kuitazama.

"Haimo," akasema. Tukaenda nyumbani.

Tvrzník alifanya kama nilivyotarajia. Kabla ya Jumatatu jioni kila mwanachama alikuwa amepata barua yake, kuhusu ukaguzi mpya wa matokeo ya mashindano na heshima ya chama. Nilimwambia Otakar asikanyage tena Kwa Mizani. Alivaa shati nililomchagulia, akaenda. Aliwaeleza yeye mwenyewe, amesimama, habari ya daktari na kitabu cha vidoadoa na kwamba hajawahi kuona nyekundu maishani mwake, na kwamba yote aliyowahi kuwaambia ameyatoa vitabuni na yako sahihi, waende wakaangalie. Wakaenda wakaangalia. Yalikuwa sahihi. Hata hivyo wakamwondoa kwenye uhakimu, kwa kura kumi na tisa dhidi ya mbili, na kiti wakampa daktari wa meno. Kura moja ya zile mbili ilikuwa ya Hynek. Alikuja baadaye kutuomba mbegu za vitunguu, ila alikuja hasa kusema hilo.

Huko chamani ile rangi imekuwa vita. Mmoja aliandika kurasa sita kwenye jarida lao kuthibitisha kwamba ni kijani adimu cha vichwa vya majaribio, kilichotumika miezi mitatu tu. Mwingine alimjibu kwa kurasa nane kwamba ni cha jeshi. Tvrzník alikwenda maktaba ya mji mkuu. Hata ile tofauti ya nyuma wameiona, na wameieleza: eti ni kumbukumbu ya karakana mbili zilizoshindana. Otakar hunisomea haya yote wakati wa chakula, kwa sauti ya padri, mpaka siwezi kumeza.

"Huwaambii?" nikamuuliza juzi.

"Wakiniuliza, nitawaambia," alisema, akajipakulia viazi.

Mpaka leo hawajamuuliza. Jicho limepona, anaendesha mwenyewe, na Jumamosi hii amekwenda kusimama majanini kungoja makaa. Mimi nimebaki nyumbani na kazi zangu. Alinipigia mchana kwa ile simu yake ya vitufe, upepo unavuma, akaniuliza kama nina nafasi mwezi ujao, kuna kichwa kingine kimetoka kupakwa.

Nikamwambia nitaangalia.